Kutoka Mchoro hadi Mita: Historia ya Majengo ya Kijani

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, jua na upepo ndivyo vilivyoamua umbo la jengo la ofisi. Karani aliyeketi mbali na dirisha hakuona vizuri alichokuwa akiandika, na hewa iliyomfikia ilikuwa imekwisha kupumuliwa na wenzake. Kwa hiyo vyumba vilifanywa vyembamba, dari zikainuliwa, na majengo makubwa ya miji kama New York na Chicago yakajengwa kwa umbo la U au E ili kila chumba kipakane na nje. Kuta nene za matofali na mawe zilikawia kupata joto mchana na zikakawia kulipoteza usiku. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja walikuwa wamefikia jibu la jamii hiyohiyo kwa njia yao wenyewe: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba ambavyo upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na ua wa ndani wa kupitishia hewa. Hapakuwa na cheti cha kuitambua kazi hiyo, wala hapakuwa na haja nacho, kwa maana aliyejenga vibaya alilala katika joto lake mwenyewe.

Hali hiyo ilianza kubadilika kwa sababu ya karatasi. Mwaka 1902, kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms huko Brooklyn kilisumbuliwa na unyevu wa kiangazi: karatasi zilivimba na kunywea, na rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine hazikukaa mahali pake. Mhandisi kijana, Willis Carrier, akabuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili kuipunguzia unyevu. Raha ya binadamu haikuwa shabaha yake ya kwanza. Hata hivyo, baada ya miaka ishirini na ushei mitambo ya aina hiyo ilikuwa imeingia katika kumbi za sinema, na mwaka 1928 Milam Building ya San Antonio, Texas, ikawa jengo refu la kwanza la ofisi nchini Marekani kupoozwa kwa mitambo. Taa za tyubu zilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1930, kizuizi cha pili kiliondoka, kwa kuwa sasa mwanga ungeweza kufikishwa popote bila joto kali la balbu za zamani.

Vizuizi hivyo viwili vilipoondoka, ofisi ilikuwa huru kusogea mbali na dirisha kadiri mwenye ardhi alivyotaka. Mwaka 1952 kampuni ya sabuni ya Lever ilifungua makao yake katika barabara ya Park Avenue, New York, yakiwa mnara wa kioo cha kijani na chuma ambao madirisha yake hayafunguki. Miaka sita baadaye, karibu na hapo, ukasimama mnara wa Seagram uliosanifiwa na Ludwig Mies van der Rohe. Wasanifu wa dunia nzima waliitazama minara hiyo miwili na kuiga.

Kwa nini kioo kilishinda? Wanaoandika historia ya usanifu huelekea kutaja ladha: kizazi cha Mies kiliona wepesi na uwazi kuwa sura halisi ya zama mpya. Wenye kuhesabu fedha hutoa sababu nyingine, kwamba ukuta wa kioo ni mwembamba na kwa hiyo huacha eneo kubwa zaidi la kupangisha, na tena hufungwa haraka kuliko ukuta wa matofali. Sababu ya tatu ni umeme. Nchini Marekani, ukiondoa mfumuko wa bei, umeme uliendelea kushuka bei kwa zaidi ya miongo miwili baada ya Vita Kuu ya Pili. Mimi naona sababu hii ya tatu ndiyo iliyozibeba zile mbili. Ladha ingekuwa na hoja dhaifu, na faida ya eneo la ziada ingeyeyuka, kama bili ya kupooza sanduku la kioo ingemuuma mtu.

Afrika Mashariki ya miaka hiyo haikuwa na umeme wa kuchezea, na usanifu wake ulifuata njia nyingine kwa muda. Mwaka 1954 shule ya usanifu ya Architectural Association ya London ilianzisha idara ya usanifu wa nchi za joto, na somo lake kubwa lilikuwa kivuli: namna ya kulielekeza jengo mbali na jua la asubuhi na la jioni, kuning'iniza vizuizi vya zege mbele ya madirisha, na kuachia upepo upite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mawazo ya namna hiyo yanaonekana katika kazi za Anthony Almeida jijini Dar es Salaam. Yanaonekana kwa ujasiri zaidi katika Soko la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda huu, lililofunguliwa mwaka 1975.

Soko lile linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ni jengo la biashara, na kwa sababu karibu kila kitu ambacho cheti cha leo hukitaka kimo ndani yake. Paa lake ni safu ya miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu, na kati ya mwavuli na mwavuli mwanga na hewa hupenya bila gharama. Mvua inayoanguka huingia katikati ya mwavuli, ikashuka na kuhifadhiwa katika tangi chini ya ardhi. Wafanyabiashara na wateja wakapata kivuli pasipo kiyoyozi. Moto wa Julai 2021 uliliharibu vibaya, lakini fikra iliyolijenga inasomeka bado: Amuli alianza na mvua na jua la Dar es Salaam, kisha ndipo akatafuta umbo. Jiji lilipokua, majengo mengi ya biashara yaliyofuata yalianza na umbo, halafu yakanunua viyoyozi.

Mwaka ambao hesabu ya kioo ilianza kukataa ni 1973. Mwezi Oktoba, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilizuia shehena kwenda Marekani na baadhi ya washirika wake kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati, na kufikia mwanzoni mwa 1974 pipa lililokuwa likiuzwa karibu dola 3 lilikuwa karibu dola 12. Ghafla minara iliyojengwa juu ya dhana ya nishati rahisi ikawa mzigo. Jibu la kwanza lilitoka kwa wahandisi. Mwaka 1975 chama chao cha mitambo ya joto na baridi nchini Marekani, ASHRAE, kilitoa kiwango cha kwanza cha matumizi ya nishati katika majengo mapya, na mwaka 1978 jimbo la California likaweka masharti yake katika sheria. California pia ilijaribu kwa mfano. Chini ya gavana Jerry Brown, msanifu wa jimbo Sim Van der Ryn alisimamia ujenzi wa ofisi za serikali mjini Sacramento, zilizokamilika 1981 na kupewa jina la Gregory Bateson, zenye ua mkubwa wa ndani wa kuleta mwanga na tabaka za mawe chini ya sakafu zilizopoozwa na hewa ya usiku.

Wengine walichukua njia fupi zaidi: kuziba. Kila ufa wa kupitisha hewa ulikuwa ufa wa kupoteza fedha, kwa hiyo kiwango cha hewa safi ya nje kilichotakiwa katika ofisi za Marekani kilishushwa kutoka takriban lita 7 kwa sekunde kwa kila mtu hadi takriban lita 2.5. Ndani ya miaka michache wafanyakazi wakaanza kulalamika: vichwa kuuma, macho kuwasha, koo kukauka, uchovu unaoondoka mtu akifika nyumbani. Mwaka 1984 kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikisia kwamba huenda hadi asilimia 30 ya majengo mapya na yaliyokarabatiwa yalikuwa yakizalisha malalamiko ya namna hiyo.

Chanzo chake kilibishaniwa sana. Wapo waliolaumu uhaba wa hewa safi pekee. Wapo waliotaja vitu vipya vilivyoingia ofisini kipindi hichohicho, yaani mazulia, gundi na mbao za maranda yaliyogandamizwa, ambavyo hutoa mvuke wa fomaldehaidi. Wengine walisema ni ukungu uliomea ndani ya mifereji ya hewa isiyosafishwa, na wengine wakashuku kwamba ni uchovu wa kazi tu uliotafuta pa kujificha. Ushahidi haukuupa upande mmoja ushindi, na pengine hilo ndilo jambo la maana, kwa sababu sumu, ukungu na uchovu vyote huzidi pale hewa isipobadilishwa. Mwaka 1989 ASHRAE ilipandisha tena kiwango, na lita 7 zikarudi kuwa kima cha chini. Wahandisi walijifunza kwa gharama ya afya za watu kwamba jengo haliwezi kupimwa kwa umeme peke yake.

Wakati huo mafuta yalikuwa yamekwisha kuporomoka bei, mwaka 1986, na shauku ya kubana nishati ikapoa. Kilichoiwasha upya kilitoka pengine. Mwaka 1987 mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal ya kuondoa kemikali zinazotoboa tabaka la ozoni, na kemikali hizo ndizo zilizokuwa zikizunguka ndani ya viyoyozi. Mwaka huohuo tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ilitoa taarifa yake juu ya maendeleo endelevu. Sasa malalamiko matatu yaliyokuwa yakisemwa na watu tofauti, yaani ya bili, ya afya na ya anga, yalikutana juu ya kitu kimoja: jengo la ofisi.

Yaliandikwa pamoja kwa mara ya kwanza nchini Uingereza. Mwaka 1990 kituo cha utafiti wa ujenzi kilichoko Garston, karibu na Watford, ambacho wakati huo kilikuwa mali ya serikali, kilitoa mfumo wa kutathmini ofisi mpya ulioitwa BREEAM. Mtathmini alipitia michoro, akatoa alama kwa nishati, kemikali za viyoyozi, ubora wa hewa, maji na mengineyo, kisha akalipa jengo daraja. Je, kwa nini cheti cha hiari na si sheria? Jibu jepesi ni kwamba Uingereza ya wakati huo ilipendelea soko kuliko amri. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Sheria ya ujenzi huweka sakafu ambayo hakuna anayeruhusiwa kushuka chini yake, na hivyo haina namna ya kumpongeza anayepanda juu. Waendelezaji wa majengo walikuwa na ofisi nyingi za kupangisha jijini London, na walihitaji kitu cha kutofautisha jengo moja na jingine. Cheti kiliwapa.

Wamarekani walifuata kwa mtindo wao. Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani lilianzishwa mwaka 1993 na David Gottfried, aliyetoka katika shughuli za uendelezaji wa majengo, Mike Italiano, mwanasheria, na Rick Fedrizzi, ambaye alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya Carrier, ileile yenye jina la mbunifu wa kiyoyozi. Mfumo wao, LEED, ulioandaliwa chini ya uongozi wa Robert Watson, ulianza kwa majaribio mwaka 1998 na kutolewa rasmi mwaka 2000. Ulikuwa na alama 69. Jengo lililofikisha 26 lilipata cheti, 33 fedha, 39 dhahabu, na 52 platinamu. Usahili huo ndio uliouuza. Mkurugenzi wa benki asiyejua tofauti ya kilowati na kilowati-saa alijua tofauti ya fedha na dhahabu.

Usahili huo pia ulificha kasoro. Alama ya kuweka mahali pa kuegesha baiskeli ilikuwa moja, na alama ya kuwa na mtaalamu wa LEED katika timu ilikuwa moja, ilhali ufanisi wa nishati ulikuwa na alama 10 ambazo mtu angeweza kuziacha karibu zote na bado akapata cheti. Hadi mwaka 2007 ndipo baraza lilipolazimisha kila jengo lipate angalau alama 2 za nishati.

Kasoro hiyo ingezua ugomvi, lakini kabla hatujaufikia, turudi nyuma hadi 1996, mjini Harare, ambako jengo la kubana nishati lilijengwa bila cheti chochote. Kampuni ya bima ya Old Mutual ilitaka jengo la maduka na ofisi, na haikutaka gharama ya kuagiza mitambo ya kupooza na kuitunza kwa fedha za kigeni. Msanifu Mick Pearce, akishirikiana na wahandisi wa Ove Arup, akalijenga Eastgate: majengo mawili sambamba yenye ua katikati, kuta nzito za matofali na zege, madirisha madogo yenye vivuli, na safu ya mabomba ya moshi yasiyotoa moshi juu ya paa. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Feni huvuta hewa hiyo ya usiku kwa nguvu kupitia nafasi zilizoachwa ndani ya sakafu, zege likapoa, na mchana hewa hupitishwa polepole juu ya zege lililopoa hadi ofisini. Matumizi yake ya nishati yalikadiriwa kuwa pungufu kwa karibu asilimia 35 yakilinganishwa na majengo ya kawaida ya mji huo yenye viyoyozi.

Pearce alisema alijifunza kwa mchwa, na dunia ikaupenda mfano wa kichuguu kiasi cha kuzisahau hesabu za kampuni ya bima. Watafiti waliokuja baadaye walionyesha kwamba vichuguu havipitishi hewa kwa namna aliyoidhania. Jengo halikujali, linapoa vilevile. Ninachokiona mimi ni kwamba uhaba wa fedha za kigeni ulisaidia kulileta jengo hilo kuliko mchwa, na tena lisingefanya kazi pale Mombasa au Dar es Salaam, ambako usiku wa Februari hauna baridi ya kuhifadhi. Huo ni upungufu wa mifano yote mizuri: husafiri kwa picha, na hali ya hewa haisafiri nayo.

Tukirudi Marekani, miaka ya 2000 ilikuwa ya ushindi wa LEED. Shirika la serikali linalosimamia majengo ya umma lilianza kuutaka kwa majengo yake mapya mwaka 2003, na miji mingi ikafuata. Lakini palikuwa na fundo la zamani ambalo lilihitaji kufunguliwa. Katika majengo ya kupangisha, anayegharimia kioo bora au mtambo bora ni mwenye jengo, na anayefaidika na bili ndogo mara nyingi ni mpangaji. Kwa nini mwenye jengo alipe? Mwaka 2010 wanauchumi Piet Eichholtz, Nils Kok na John Quigley walichapisha utafiti uliolinganisha ofisi za Marekani zenye cheti na majirani zao wasio nacho. Waligundua kodi ya pango iliyozidi kwa karibu asilimia 3, na bei ya kuuza iliyozidi kwa karibu asilimia 16. Unaweza kudai kwamba wenye majengo mazuri ndio wenye tabia ya kutafuta vyeti, na hivyo cheti ni dalili ya ubora mwingine. Watafiti hao walijitahidi kuidhibiti tofauti hiyo, ingawa haiwezi kufutwa yote. Vyovyote iwavyo, wawekezaji walisikia asilimia 16.

Ugomvi wa nishati ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 2008 taasisi ya New Buildings Institute ilitangaza kwamba majengo ya LEED yalitumia nishati pungufu kwa asilimia 25 hadi 30 kuliko wastani wa taifa. Kati ya majengo 552 yaliyostahili, yaliyotoa takwimu zake yalikuwa 121 tu. Mwaka uliofuata Guy Newsham na wenzake wa Kanada walizipitia upya takwimu zilezile: wastani ulionyesha nafuu, lakini zaidi ya robo ya majengo, asilimia 28 hadi 35, yalitumia nishati nyingi kuliko wenzao wa kawaida. John Scofield, mwalimu wa fizikia wa chuo cha Oberlin, akaenda mbali zaidi. Alisema majengo makubwa yapewe uzito wao, na umeme uhesabiwe pamoja na ule unaopotea kwenye mitambo ya kuufua. Ukifanya hivyo, alidai, nafuu yote hutoweka. Pande zote zilikuwa na hoja, lakini chanzo cha mgogoro hakikuwa hesabu. Cheti kilitolewa kwa mchoro na makisio ya kompyuta, kabla mpangaji wa kwanza hajawasha taa. Kompyuta haikujua kwamba orofa ya kumi ingechukuliwa na kampuni inayofanya kazi usiku kucha, wala kwamba fundi angeuacha mtambo ukiwaka wikendi nzima.

Ndipo mita zikaanza kusomwa hadharani. Sheria ya New York ya mwaka 2009 iliwalazimisha wenye majengo makubwa kutangaza matumizi yao ya nishati, na mwishoni mwa 2012 alama zikajulikana, kuanzia 1 hadi 100 kwa kulinganishwa na majengo ya aina moja. Chrysler Building ya mwaka 1930 ilipata 84. Empire State ya 1931 ilipata 80. Jengo la 7 World Trade Center, mnara wa kwanza wa ofisi mjini humo kupata dhahabu ya LEED, lilipata 74. Lever House ilipata 20, na Seagram, kipenzi cha wasanifu, ilipata 3. Si haki kusema kwamba wazee waliwashinda vijana kwa kuta nene peke yake. Empire State ilikuwa katikati ya ukarabati mkubwa ulioanza 2009, ambapo madirisha yake 6,514 yalitolewa, yakaongezewa tabaka la kuzuia joto katika karakana iliyowekwa ndani ya jengo lenyewe, na kurudishwa. Lakini mfuatano wa alama unasema jambo: minara ya kabla ya kiyoyozi iliweza kurekebishwa kwa sababu haikukosewa kutoka msingi.

Waliokwisha kulitambua mapema tatizo hili la vyeti vya michoro ni Waaustralia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa na mfumo wa nyota ambao leo unaitwa NABERS, na nyota zake hutolewa kwa bili za miezi 12 iliyopita, si kwa michoro. Mwaka 2006 serikali yao kuu ikasema haitapanga ofisi kubwa isiyo na nyota 4.5. Mwaka 2010 ikapitishwa sheria kwamba anayeuza au kupangisha ofisi kubwa lazima atangaze nyota zake. Fundo la mwenye jengo na mpangaji lilifunguliwa hapo na mpangaji mwenyewe, aliyekuwa mkubwa kuliko wapangaji wote.

Nairobi iliingia katika historia hii Machi 2011, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Ban Ki-moon alipofungua ofisi mpya za Gigiri za mashirika ya mazingira na makazi. Ziliandaliwa kwa watu wapatao 1,200, zikiwa na takriban mita za mraba 6,000 za paneli za jua na nyua za ndani za kupandisha hewa, bila viyoyozi katika ofisi za kawaida. Nairobi ina bahati ya mwinuko kama Harare. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, huko Lang'ata, kilijenga maktaba inayopoozwa kwa hewa iliyopita katika tabaka la mawe, fikra iliyo jamaa ya ile ya Sacramento. Mwaka 2015 maduka ya Garden City kwenye barabara ya Thika yaliezeka maegesho yao kwa paneli za kilowati 858, na magari yakapata kivuli.

Kwa majengo ya kawaida, LEED na BREEAM zilikuwa ghali na ngeni. Mwaka 2014 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, lilianzisha EDGE kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Sharti lake la awali lilikuwa fupi: jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya nishati iliyomo ndani ya vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la nchi hiyo. Programu yake ni ya bure. Wakosoaji wanasema asilimia 20 ni kidogo, na kwamba cheti chake, kama wenzake, hutegemea makisio. Ukosoaji huo ni wa haki. Hata hivyo EDGE iliweza jambo ambalo wengine hawakuliweza hapa, yaani kuzungumza na benki. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ya Kenya ilikusanya shilingi bilioni 4.3 kwa hatifungani ya kijani, ya kwanza nchini, ili kujenga mabweni ya wanafunzi yanayokidhi kiwango hicho, na Januari 2020 hatifungani hiyo ikaorodheshwa pia London. Mwaka huohuo wa 2019 Rwanda ilichagua njia ya sheria, ikaingiza masharti ya chini ya majengo ya kijani katika kanuni zake za ujenzi. Na ni Kigali, mwaka 2016, ambako mataifa yalikubaliana kupunguza kizazi kipya cha kemikali za viyoyozi, zile zilizochukua nafasi ya zilizokatazwa Montreal, ambazo hazitoboi ozoni lakini hulipasha joto anga.

Kwa sasa hiari inaisogelea sheria. Uingereza imekataza tangu 2018 kupangisha upya majengo ya biashara yenye madaraja mawili ya chini kabisa ya nishati, na tangu 2023 katazo hilo limeyafikia hata mapatano ya zamani ya upangaji. Ila daraja lenyewe bado ni la makisio. New York imechagua mita. Sheria yake ya 2019 inaweka ukomo wa gesi joto kwa majengo ya zaidi ya futi za mraba 25,000, ukomo ulioanza kutumika 2024, na anayeuvuka hutozwa dola 268 kwa kila tani. Kati ya njia hizo mbili, ya New York ndiyo iliyojifunza kutoka katika miaka arobaini iliyotangulia. Hata hiyo haioni kila kitu, kwa sababu saruji na chuma vya jengo jipya vimekwisha kuchafua anga kabla mita haijafungwa, na mnara wa zamani ukivunjwa ili kupisha mpya wenye platinamu, hesabu hiyo haimo katika bili yoyote.

Nchini Tanzania na Kenya hakuna sheria inayomlazimisha mwenye jengo kukuonyesha matumizi yake. Lakini hakuna inayokuzuia kuuliza. Ukienda kupanga ofisi na ukaonyeshwa cheti ukutani, uliza kilitolewa kwa mchoro au kwa matumizi halisi, na cha mwaka gani; kisha omba manunuzi ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, au bili za umeme na maji za miezi 12 iliyopita, na uzisome kabla ya kutia saini.